Mpira Haurudi Ulikotoka: Tuwaache Wanafunzi Wapime

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa sekondari asiyeweza kukariri kanuni isemayo kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo tu. Lakini mwanafunzi huyo huyo atokapo uwanjani na kuuachia mpira, huuona ukirudi chini ya pale ulipotoka, kisha chini zaidi, mpaka ukatulia. Kanuni yasema hivi, macho yaona vile. Aghalabu hathubutu kuuliza. Na akiuliza hujibiwa kwa neno moja, "msuguano", somo likaendelea.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo lastahili kipindi kizima, na kwamba shule isiyo na maabara haina udhuru wa kuliepa. Vinavyohitajika ni mpira, rula, chaki na ukuta. Mpira wa tenisi na uachiwe kutoka sentimita 100 juu ya sakafu ya sementi, mwanafunzi mmoja akiwa amechutama ili jicho lake liwe sawa na kimo cha mdundo. Jaribio lirudiwe mara tano, kisha utafutwe wastani. Kwa kuwa nishati ya mpira ulio juu huwiana na kimo chake, mpira ukipanda hadi sentimita 55 umebaki na asilimia 55 ya nishati yake. Je, asilimia 45 imekwenda wapi?

Sehemu kubwa imegeuka joto. Mpira ugongapo sakafu hubonyea, na urejeapo umbo lake haurudishi kazi yote iliyofanywa katika kuubonyeza. Sehemu ndogo huwa sauti, nyingine huingia sakafuni na hewani. Mbona basi mkono hausikii joto hilo? Na tukokotoe. Mpira wa gramu 58 ukiwa kimo cha mita moja una nishati ya jouli 0.57 hivi. Robo ya jouli ikigeuka joto ndani yake, mpira huongezeka joto kwa nyuzi 0.002 tu, kiasi ambacho kipimajoto cha shule hakiwezi kukionyesha.

Linalonisikitisha zaidi ni jambo jingine. Kila mwaka napokea chuoni madaftari ya majaribio yenye matokeo yanayopendeza kupita kiasi, kana kwamba mpira nao ulikwisha kusoma kitabu. Vijana hawa si waongo kwa tabia. Walizoezwa kuamini kwamba alama hutolewa kwa jibu linalofanana na la kitabu. Newton hakufanya hivyo. Katika Principia, iliyotolewa mwaka 1687, alieleza jinsi alivyogonganisha tufe zilizoning'inizwa kwa nyuzi. Tufe za sufu iliyokazwa ziliachana kwa mwendo uliokuwa kama sehemu 5 kwa 9 za ule zilizokutania. Za kioo, sehemu 15 kwa 16. Aliziandika namba hizo kama alivyozipata.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi akileta 58 leo na 53 kesho, tusimnyime alama. Tumwulize mpira ulikuwa mpya au mkuukuu, sakafu ilikuwa ipi, na aliuachia kutoka kimo gani. Nanyi wanafunzi, mkiisha kupima mpira wa tenisi, pimeni ule wa matambara mnaouchezea chandimu, kwanza juu ya sementi, kisha juu ya mchanga. Andikeni mlichokiona, hata kama ni sentimita mbili tu, mkilete darasani.