Kitabu Nacho Kina Fundi Wake



Leo sizungumzii lesi wala shela. Nina jambo limenikaa rohoni, na najua si mie peke yangu niliyelifanya.

Mie ni mzaliwa wa Unguja, ndoa ndiyo iliyonileta huku Kahama, mkoa wa Shinyanga. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, na sasa nina duka na cherehani nne. Wateja wangu wanatoka hapa mjini, Kakola, Katoro, mpaka Geita. Huku dhahabu ikitoka, harusi haisubiri. Aliyebahatika leo machimboni anataka nikaha Ijumaa ijayo.

Mabinti wengi wanaokuja kwangu wako mbali na mama zao na shangazi zao. Hawana somo wa kuwakalisha ndani na kuwafunda. Basi maswali yao ya ndoa wananiuliza mie fundi, huku nimewashikia futi kamba kiunoni. Nikaona niwasaidie. Nilikuwa na kijitabu kizuri cha maisha ya ndoa, kilichoandikwa na dada mmoja Mwislamu, akakichapa mwenyewe. Nilikinunua Dar es Salaam, nakala moja tu. Nikawa nakipeleka duka la vifaa vya ofisi, wanakitoa kopi, wanakifunga, na kila bibi harusi anayeshona kwangu namzawadia. Watu wakinisifu: fundi ana moyo.

Mwaka jana bibi harusi mmoja alimpigia simu mwandishi kumshukuru, maana namba yake imo nyuma ya kitabu. Mwandishi akamuuliza kakinunua wapi. Siku ya pili simu ikaja kwangu.

Hakuniletea ukali. Aliniuliza tu nimetoa nakala ngapi. Nikahesabu kwenye daftari la wateja: 23. Akanyamaza. Kisha akaniambia alichapa nakala 300 kwa mkopo wa kikoba, na zaidi ya nusu ziko kwenye maboksi chumbani kwake. Cha pili alichokianza, cha kulea watoto, amekiacha kwa sababu haoni wasomaji.

Dada zangu, wasomaji walikuwepo. Walikuwa dukani kwangu.

Usiku ule nilipiga hesabu. Kitabu kina kurasa 96, na kila kopi inabeba kurasa mbili, kwa hiyo ni kopi 48 za shilingi 100. Jumla 4,800. Kukifunga 2,000. Nilikuwa nalipa 6,800 kwa nakala, na kitabu chenyewe ni 10,000. Nimemnyima mtu haki yake kwa tofauti ya 3,200, pesa isiyonunua hata mita moja ya lesi nzuri. Mwenye mashine ya kopi alipata faida. Mie nilipata sifa. Aliyekesha akiandika hakupata kitu.

Ingekuwa bibi harusi amechukua gauni langu, akaondoka bila kulipa, akaniambia "fundi, si nimekutangaza?" ningemwelewa? Tumefundishwa tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mwandishi naye anatoka jasho, ila lake hatulioni.

Kuna watakaosema elimu ya dini haiuzwi. Mwandishi akisema kitabu chake ni waqfu, kisambazwe, tukisambaze na Allah amlipe. Asiposema, basi si chetu cha kugawa. Mtu hatoi sadaka mali ya mwenziwe. Na hili liingie kwenye makundi yetu ya WhatsApp pia, ambako kitabu kizima hurushwa kwa watu 200 na sote tunajibu "jazakillahu khayra".

Tangu hapo nikaanza kuuliza vitabu vinapatikanaje. Mchapishaji analipa karatasi na mtambo kabla hajauza hata kimoja. Duka linakata chake, na mwandishi anabaki na mrabaha ambao mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi ya bei. Zamani wachapishaji binafsi nchini walijishikiza kwa vitabu vya kiada vya shule, lakini kazi hiyo ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya, hadithi za watoto na vitabu vya malezi sasa vinategemea mimi na wewe tuvinunue.

Tusiponunua inakuwaje? Nitawapa mfano wa ndani ya ziwa letu hili hili. Kisiwani Ukerewe aliishi mzee Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Wanapendana, lakini hawajajaaliwa mtoto, na ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanamchukua. Mume anafunga safari kwenda kumrejesha. Nani kati yetu hamjui Bugonoka? Wengine huja kwangu kupunguza magauni, maana masimango ya mwaka wa kwanza yamewakondesha.

Mzee hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akaendelea kungoja. Tanzania Publishing House, shirika la umma, ndilo lililoitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki kabla ya nakala kumfikia mkononi. Miaka 35 ya kungoja, na kitabu hakukishika.

Shirika lile wakati huo likiongozwa na Walter Bgoya. Mwaka 1991 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Na hao ndio waliomleta mwana wa Unguja nyumbani kwa lugha yake. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya ya Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 tukaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya mwanamke, Ida Hadjivayanis. Kama wachapishaji wa namna hii watafunga milango, nani atatuandikia sisi kwa lugha yetu?

Najua vitabu ni ghali, na huku kwetu duka la riwaya ni la kutafuta kwa tochi. Nami nilijitetea hivyo hivyo. Lakini lesi nayo haitoki Kahama. Tunajumuika, tunaagiza, mzigo unakuja na basi. Sasa naagiza vitabu kumi kumi moja kwa moja kwa mwandishi, ananipunguzia bei, na gharama yake naitia kwenye bei ya gauni, na wateja nawaambia wazi. Asiyeweza kununua na aazime cha mwenzake. Kuazimana hakuna dhambi, na kitabu kimoja kinaweza kuzunguka madrasa nzima.

Na wewe bibi harusi, kwenye sanduku lako, baina ya udi na khanga, mwambie bwana harusi atie na kitabu kimoja cha mwandishi wetu, kilicholipiwa. Gauni utalivaa siku moja. Kitabu utakifungua tena siku utakapokuwa peke yako na swali lako.

Yule dada nilimpelekea 230,000, za nakala zote 23, nikamuomba radhi. Alinisamehe. Kitabu cha malezi bado hajakirudia, lakini juzi ameniuliza mabinti wa huku huwa wananiuliza nini zaidi wanapopata mtoto wa kwanza. Nimemwandikia orodha ndefu.

Allah atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atupe moyo wa kulipa haki za watu kabla hatujadaiwa Siku ile. Amin.