MAZINGIRA SI MITI TU



Wanachama kadha wametuuliza kama ni busara mzazi wa mshahara mdogo kumlipia mwanawe ada ya miaka 4 katika Chuo Kikuu ili asomee mambo ya mazingira. Wengine husema wazi kwamba hiyo ni elimu ya kupanda miti, na miti hupandwa bila digrii. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu yatoka kiwandani, si msituni.

Kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa. Palikuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Risasi ni sumu. Vumbi lake hukaa juu ya mabati, huingia majini, na mfanyi kazi hulibeba katika nguo zake mpaka nyumbani, na watoto ndio huumia zaidi, maana huharibu ubongo. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushughulikia taarifa ya mazingira pamoja na wataalamu. Taarifa ikasema kiwanda kihamishwe. Wakubwa hawakusikia. Baadaye mtoto wake mwenyewe alionekana ana risasi mwilini. Mapambano yakaendelea mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, amri ambayo ilikatiwa rufani.

Kelele peke yake haikufikisha watu mahakamani. Damu ilipimwa, udongo ukapimwa, na vibali vikaulizwa vilitolewaje. Kupima, kusoma sheria, kuhoji wakazi bila kuwatia maneno kinywani, kuielewa taarifa ya kurasa nyingi ambayo sisi hupewa tutie sahihi tu: hayo ndiyo mwanafunzi huyo hufundishwa. Tungekuwa na kijana wa namna hiyo katika kila tawi, matajiri wangesema nasi kwa adabu zaidi.

Lakini kuna jambo hutusumbua. Kwa sheria ya 1999, mwenye mradi ndiye hulipa gharama ya taarifa ya mazingira. Basi kijana wetu akimaliza masomo atamwandikia nani, na atakula wapi akiandika kweli? Elimu haitoshi ikiwa hajapata kumjua mtu ye yote anayevuta moshi ule.

Kwa hiyo twataka wanafunzi hawa, wanapotumwa kujifunza kazini, wasikae ofisini kwa meneja tu. Sheria ya 2007 yaagiza kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyi kazi wana wajumbe wao humo. Mwanafunzi na aketi nao, aone vipimo, aulize maswali. Makatibu wa matawi wawaandikie wakuu wa vyuo kabla ya likizo, wakitaja kiwanda kina watu wangapi na kama kamati hiyo hukutana kweli au ni jina ukutani.