Msimu wa Kwanza wa Mwindaji Ugenini

Tarehe 4 Septemba 1871, kijana wa Kiingereza aitwaye Frederick Courteney Selous aliteremka kutoka melini katika ghuba ya Algoa, Afrika Kusini. Alikuwa hajatimiza miaka 20, na fedha zake zote zilikuwa pauni 400. Wakati huo watu wa kila namna walikuwa wakikimbilia machimbo ya almasi, lakini yeye hakuja kutafuta almasi. Alikuja kuwinda tembo.

Nia hiyo ilikuwa ya zamani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto shuleni, usiku mmoja mwalimu alimkuta amelala sakafuni, kitanda chake kitupu. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba siku moja atakuwa mwindaji katika Afrika, na kwa hiyo anajizoeza kulala chini. Tangu siku hizo alisoma habari za wasafiri kama David Livingstone, akajifunza kulenga shabaha, na akaukomaza mwili wake kwa baridi na mwendo mrefu.

Jina la mtu huyu si geni katika Afrika Mashariki, maana pori kubwa la akiba kusini mwa Tanzania liliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1922. Lakini wanaolijua jina ni wengi kuliko wanaojua jinsi alivyoanza. Hata hivyo, mambo yaliyompata katika msimu wake wa kwanza hayatakuwa mageni kwa askari aliyepata kuhamishiwa mkoa asioujua, wala kwa mke aliyefunga mizigo, akashika watoto mkono, akamfuata. Mgeni huja na nguvu zake na maarifa ya alikotoka. Nchi mpya nayo humwuliza maswali mengine kabisa.

Bunduki iliyoibwa

Selous alikuwa na bunduki nzuri ya mitutu miwili, ya kupakia risasi kwa nyuma, iliyotengenezwa Uingereza kwa gharama kubwa. Kabla hajaiona hata nchi ya tembo, bunduki hiyo iliibwa katika safari ya kwenda kwenye machimbo ya almasi. Ikambidi atafute nyingine kwa bei aliyoiweza.

Alinunua magobori mawili makubwa ya kushindilia baruti kwa mdomoni. Zilikuwa silaha za bei ndogo, zilizokusudiwa hasa kwa ndege wa majini, na kila moja ilikuwa na uzito wa kilo karibu sita. Risasi yake ilikuwa tonge la risasi lenye uzito wa gramu zaidi ya 110. Baruti haikupimwa kwa kipimo chochote. Mwindaji alitia mkono katika mfuko wa ngozi uliokuwa ubavuni, akachota ukufi, akaumimina mtutuni, akashindilia. Mara nyingi alifanya hivyo huku akikimbia nyuma ya mnyama.

Teke la bunduki hiyo lilikuwa kali mno. Siku moja, katika miaka hiyo ya mwanzo, gobori lilikataa kulia. Mchukuzi wake akalipokea, na kwa kudhani kwamba limekwisha lia, akalishindilia tena juu ya baruti ya kwanza. Lilipofyatuliwa mara ya pili, Selous aliinuliwa na kutupwa chini, na kitako cha bunduki kikavunjika. Baadaye alikiri kwamba silaha hizo zilimpa tabia ya kushtuka wakati wa kufyatua, tabia iliyomsumbua kwa muda mrefu. Askari yeyote anaujua msiba wa namna hiyo: silaha ambayo haikukaguliwa huwa adui wa yule aliyeishika.

Kupotea porini

Mwaka 1872 Selous na wenzake waliondoka kusini kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakashika njia ya kaskazini kupitia nchi ambayo leo ni Botswana. Huko, siku moja, waliona kundi la twiga. Vijana hao walipanda farasi na kuwafukuza. Kila mmoja alimfuata mnyama wake, bila kutazama jua wala kukumbuka njia.

Twiga si mnyama wa kuwindwa kwa pupa. Macho yake yako juu ya miti mingi, humwona adui angali mbali, na mwendo wake, ingawa waonekana wa kivivu, humchosha farasi. Selous alipokuja kusimama, wenzake hawakuonekana, wala magari hakuyajua yalipo. Nchi yenyewe ilikuwa tambarare ya mchanga na vichaka, mahali pamoja pakifanana na pengine, bila kilima cha kumwongoza mtu.

Usiku ulikuwa wa kipupwe, wenye baridi kali, naye alilala bila moto na bila blanketi. Kisha farasi wake alitoroka gizani. Ikawa sasa kutembea kwa miguu, bunduki begani, bila chakula na bila maji. Alitangatanga hivyo siku kadhaa. Mwili aliouzoeza tangu utotoni ulimsaidia asife upesi, lakini haukumwonyesha njia wala kisima. Aliokolewa na wenyeji wa nchi ile ile iliyokuwa karibu kumwua. Kwao alipata maziwa ya mbuzi kwa kubadilishana na kisu chake cha mfukoni, na kwa msaada wao alirudi kwenye magari.

Tukio hilo lina somo kubwa. Pale alipokuwa akifa kwa kiu, watu walikuwa wakiishi na mbuzi wao. Nchi ilikuwa na maji na chakula kwa aliyejua vilipo. Aliyepungukiwa ni mgeni, na alichopungukiwa ni maarifa.

Mbele ya mfalme

Mwezi wa Agosti mwaka huo Selous alifika Bulawayo, makao ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Katika nchi hiyo mgeni hakuweza kuwinda tembo bila idhini ya mfalme. Wawindaji wote, hata wenye majina makubwa, walikwenda kwanza kumsalimu na kueleza shida yao.

Lobengula alimtazama kijana huyo asiye na ndevu za kutosha, akamwuliza amekuja kufanya nini. Aliposikia kwamba amekuja kuwinda tembo, mfalme alicheka sana, akamwuliza kama hakukusudia wale paa wadogo, maana yeye mwenyewe ni mtoto tu. Alipomwuliza kama amepata kuwaona tembo, Selous alijibu kwa kweli kwamba hajawaona. Hatimaye mfalme alimruhusu aende apendako, akiamini kwamba tembo wenyewe watamfukuza upesi.

Yafaa kuangalia jinsi kijana alivyoyapokea maneno hayo. Hakukasirika, wala hakujisifu kwa mambo asiyopata kuyafanya. Alikubali kuchekwa, akachukua ruhusa yake, akaenda kutafuta mtu wa kumfundisha.

Mwalimu wake wa kwanza

Mtu huyo aliitwa Cigar. Alikuwa Mkhoikhoi kutoka kusini, na kabla ya kuwa mwindaji alikuwa mpanda farasi wa mashindano katika mji wa Grahamstown. Uwindaji wa tembo alikuwa ameujifunza kwa vitendo, akifuatana na wawindaji wa zamani.

Wakati huo tembo walikuwa wamekwisha kimbilia nchi ya mbung'o. Mdudu huyu huwaambukiza farasi na ng'ombe ugonjwa wa nagana, ambao uliwaua bila dawa. Kwa hiyo aliyezoea kuwinda juu ya farasi ilimpasa ama kurudi nyuma ama kushuka na kwenda kwa miguu. Selous aliwaacha farasi na magari, akamfuata Cigar. Vazi lake lilikuwa kofia, shati kuukuu la pamba na viatu vya ngozi. Mizigo yake ilikuwa gobori, mfuko wa baruti, na mkoba wenye matonge 20 ya risasi. Usiku walilala kando ya moto.

Siku ya mwindaji ilianza alfajiri, mahali pa maji. Tembo hupenda kunywa usiku, kisha huondoka kula, na jua linapopanda sana husimama kivulini. Mwindaji alikagua nyayo zilizozunguka maji, akachagua zile pana za madume makubwa, akazifuata. Tawi lililovunjwa na bado linatoa maji, kinyesi chenye joto, majani yaliyokanyagwa na hayajanyauka: kila alama ilitaja saa yake. Pengine safari hiyo ilichukua siku nzima, na mwishoni upepo ukageuka, tembo wakanusa, wakaenda zao. Macho ya tembo si makali, lakini pua yake haidanganyiki. Kwa sababu hiyo mwindaji alichota vumbi mara kwa mara, akalidondosha taratibu, ili aone upepo unakoelekea.

Wanyama wengine nao walikuwa na somo lao. Kifaru haoni mbali, lakini ndege wadogo wanaokula kupe mgongoni mwake humpa habari. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na wengi waliomfuata kwa haraka hawakurudi. Ama nyama haikutupwa ovyo: ilikatwa vipande virefu vyembamba, ikatiwa chumvi ilipopatikana, ikaanikwa penye upepo mpaka ikakauka. Nyama ya namna hiyo hukaa miezi mingi, nayo ilikuwa akiba ya kambi kwa siku zisizo na windo.

Kwa mafunzo hayo, yule aliyechekwa Bulawayo alipata tembo wake. Katika misimu mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, aliua tembo 78, karibu wote akiwa kwa miguu. Mwaka 1881 alitoa kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, na ndani yake hakumsahau Cigar. Lakini msomaji ajiulize: ni wangapi leo wanaolijua jina la mwanafunzi, na ni wangapi wanaolijua jina la mwalimu?

Hesabu ya mwisho

Kuna jambo jingine ambalo halifai kufichwa. Tembo 78 ni wengi kwa mtu mmoja, na wawindaji hawakuwa mmoja. Pembe zilipelekwa Ulaya, zikageuka kuwa funguo za piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu. Haikupita miaka mingi, tembo wakawa adimu katika nchi ya Wandebele, na mwaka 1877 Selous mwenyewe alivuka mto Zambezi kuwatafuta mbali zaidi. Aliyejifunza kuisoma nchi vizuri kiasi hicho alikuwa pia mmoja wa waliofuta maandishi yake.

Maisha yake yaliishia katika nchi ya Waswahili. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka, Selous alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo aliingia jeshini, akaletwa Afrika Mashariki mwaka 1915 na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Homa na kuhara viliwaangusha vijana wengi wa kikosi hicho, lakini mzee huyo, aliyejua kuishi porini, aliendelea kutembea. Tarehe 4 Januari 1917 alipigwa risasi huko Behobeho, karibu na mto Rufiji, akafa akiwa kapteni mwenye miaka 65. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Pori lililoitwa kwa jina lake liliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Lakini jina halikuwalinda tembo. Mwaka 1976 katika eneo hilo walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 hivi tu, kwa sababu ya majangili. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kazi ya kuwasoma wanyama kwa nyayo ingali ipo, lakini siku hizi yafanywa na askari wa wanyamapori, nao huzifuata nyayo za tembo ili wamlinde, na nyayo za jangili ili wamkamate.

Basi aliyepokea barua ya uhamisho, na sasa anafunga vyombo vyake kwenda asikokujua, achukue katika habari hii lile linalomfaa. Afya njema na ushujaa ni vitu vya kuchukuliwa safarini, lakini havitoshi. Akifika, aende kwanza kwa wenye nchi. Awasalimu wazee, aulize maji yako wapi, mvua huja lini, njia ipi hufungwa na mafuriko, na ugonjwa gani huwapata watoto wa mahali pale. Mkewe naye aulize majirani soko liko siku gani na mboga gani za porini huliwa. Kuuliza si ujinga. Na atakayemjibu, hata akiwa mchunga mbuzi, akumbukwe kwa jina lake.