Dawa za ARV: zinazuia, haziui, basi zisikatike

Tangu Marekani isitishe misaada yake ya nje Januari 2025, gumzo la dawa za ARV hapa kwetu limekuwa la pesa: nani atanunua, nani atawalipa wahudumu. Ni gumzo la haki. Lakini naona swali moja limeachwa nyuma: kwa nini mgonjwa asikose dawa hizi hata kwa wiki chache?

Jibu liko katika namna zinavyofanya kazi. Virusi haviwezi kuzaana vyenyewe. Huingia ndani ya seli ya mwili na kuilazimisha ivitengenezee nakala. Antibiotiki tunazozikimbilia dukani hazivifanyi kitu, kwani nyingi hubomoa ukuta wa bakteria au mitambo yake, na virusi havina vitu hivyo.

Dawa ya virusi hulenga kifaa cha virusi ambacho seli zetu hazikitegemei. Virusi vya ukimwi vina kimeng'enya chao cha kunakili jeni zao. Tenofoviri na lamivudini hujipenyeza hapo kama ushanga bandia ulioziba tundu upande mmoja: ukishaingia kwenye uzi, ushanga mwingine haufuati, na kazi inakwama. Vimeng'enya vyetu kwa kawaida huukataa ushanga huo, ndipo mwili ukasalimika. Dolutegraviri, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 2017, huzuia nakala isipachikwe katika jeni za seli. Zote tatu zimo katika tembe moja, mara moja kwa siku.

Basi tuelewane: dawa imezuia, haikuua. Virusi vilivyojificha ndani ya seli bado vipo. Dawa ikikatika, mara nyingi huamka baada ya wiki chache tu. Na vikizaana huku dawa ni haba mwilini, hutokea aina sugu ambayo tembe ile haiiwezi tena.

Kwa viongozi wetu nasema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dawa hizi ziwekwe katika bajeti yetu wenyewe.

Na kwa ndugu zangu Waislamu: Ramadhani si sababu ya kuacha dawa. Tembe ya mara moja kwa siku yaweza kumezwa baada ya kufuturu au wakati wa daku. Zungumza na kliniki yako kabla mwezi haujaandama. Mwili ni amana.