TAHARIRI: Karatasi ya afya isomeke Butembo na Beni kabla ya kusomeka Geneva

Mgonjwa wa Ebola huanza kwa homa, uchovu, maumivu ya kichwa na ya viungo. Ndivyo zinavyoanza pia malaria na homa ya matumbo, magonjwa ambayo kila familia ya Butembo na Beni inayajua. Kutokwa damu huwapata baadhi tu ya wagonjwa, na mara nyingi huja siku za baadaye. Hata hivyo, kwa miaka mingi picha iliyotumika kuieleza Ebola barani Afrika ni ya mtu anayevuja damu.

Mzazi aliyeizoea picha hiyo, kisha akamwona mwanawe ana homa bila tone la damu, ana kila sababu ya kusema: hii si Ebola. Atanunua vidonge dukani na kungoja. Siku tatu, nne zitapita, na wote wanaomuuguza mtoto huyo watakuwa wamemgusa. Maneno ya karatasi yalikuwa sahihi. Mchoro ndio uliompoteza.

Usanifu wa kurasa na michoro huonekana katika bajeti za misaada kama pambo la mwisho, kazi ya kutia rangi baada ya wataalamu kumaliza yao. Yaliyopita Kivu Kaskazini yanaonyesha kwamba kazi hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe, na inapaswa kulipwa, kupimwa na kuulizwa maswali kama tiba nyingine yoyote.

Somo la miaka miwili

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya tarehe hizo watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016.

Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, yalionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa ugonjwa huo upo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa eneo lao wanajali maslahi yao.

Hali haikutulia. Desemba 2018 wakazi wa Beni na Butembo walitangaziwa kwamba hawatapiga kura ya rais pamoja na wenzao, kwa sababu ya Ebola na usalama. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, siku chache tu zikivitenganisha. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo.

Itakuwa uongo kudai kwamba mchoro mzuri ungezuia risasi. Watu walikuwa wakiuawa na makundi yenye silaha kwa miaka kabla ya Ebola, na dunia haikuja na magari mengi kiasi kile. Lakini pale ambapo imani ni ndogo, kila karatasi inayosambazwa huongeza kidogo kilichobaki au hukipunguza. Karatasi isiyoeleweka hukipunguza.

Lugha, picha na nembo

Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti Goma na Beni kuhusu mawasiliano ya Ebola. Lilikuta kwamba watu walitaka maelezo zaidi, ya kina, katika lugha wanazozielewa. Kifaransa cha kitabibu kiliwapita wengi. Hata Kiswahili kilichoandikwa kwa sarufi ya vitabuni hakikuwa sawa na Kiswahili kinachosemwa Kongo. Kwa familia nyingi za Butembo na Beni, lugha ya nyumbani ni Kinande.

Picha nazo zina lugha yake. Alama ya mkasi wa mistari myekundu juu ya kitu ina maana kwa aliyefundishwa maana yake. Mkono uliochorwa peke yake, bila mwili, unaweza kusomwa kama mkono uliokatwa, na katika eneo lililoona mauaji ya mapanga hilo si jambo dogo. Wakufunzi wa afya wanaijua hadithi ya mbu aliyechorwa mkubwa kama kuku ukutani, na wanakijiji wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wa ukubwa huo. Wanakijiji hawakuwa wajinga. Mchoraji ndiye aliyesahau kuuliza.

Kuna pia suala la nembo. Mabango mengi ya misaada hubeba safu ya nembo za wafadhili chini, na namba ya kupiga simu huwa ndogo kuliko zote. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa mlipuko huo ilitaja watuhumiwa 83, wakiwemo waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la ngono. Bango linalosema kwamba kazi haiuzwi kwa mwili, na namba ya malalamiko ikiwa kubwa kuliko nembo yoyote, si suala la ladha ya rangi. Ni ulinzi.

Kuonekana ndiko kuaminika

Mifano mizuri ipo, na baadhi imezaliwa papa hapa. Mwaka 2018 shirika la ALIMA lilitumia mjini Beni vyumba vya matibabu vyenye kuta zinazopitisha mwanga, vinavyoitwa CUBE. Familia iliweza kumwona mgonjwa wake akilishwa na akipewa dawa, bila kuvaa mavazi ya kujikinga. Uvumi kwamba watu huingia humo ili wauawe ulikutana na jibu la macho.

Mfano wa pili ni jaribio la dawa lililoanza Beni Novemba 2018, likawahusisha wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa waliolisimamia. Agosti 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili zilikuwa bora kuliko nyingine. Kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, na kupewa moja ya dawa hizo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 walipona.

Habari hiyo ndiyo iliyohitajika zaidi na mama wa Katwa aliyekuwa akimficha mgonjwa ndani. Inachoreka kwa urahisi: watu kumi, tisa wamesimama. Lakini makala yenyewe ya kisayansi ilitoka kwa Kiingereza katika jarida la Marekani, ikiwa na majedwali yanayosomwa na madaktari. Maarifa yaliyotokana na miili ya watu wa Kivu hayana budi kurudi Kivu katika sura ambayo watu wake wanaweza kuisoma.

Nani alipwe kuchora?

Swali hili lina uzito mpya leo. Baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya mkoa. Waliokimbia vita wamesogea kuelekea Lubero na Butembo, huku mauaji ya ADF yakiendelea vijijini. Mwezi huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mahitaji yameongezeka na fedha zimepungua. Hakuna tena nafasi ya kuchapa ripoti ya kurasa 60 kwa rangi, ikaishia kwenye rafu za wafadhili.

Wapo vijana Butembo na Beni wanaosanifu kadi za harusi, mabango ya makanisa, fulana za michango ya shule na picha za wagombea. Wanajua ni rangi gani inapauka juani na ni herufi gani inasomeka ukiwa juu ya pikipiki. Lakini tangazo la kazi ya ushauri wa usanifu likitoka, mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, hudai uzoefu wa miaka na mashirika ya kimataifa, na huwapa siku chache za kujibu. Kijana hawezi kupata uzoefu bila kazi, wala kazi bila uzoefu. Kazi huenda mji mkuu wa nchi nyingine, na Butembo hupokea maboksi yaliyokwisha kuchapwa.

Wanaotetea utaratibu huo husema kwamba mfadhili anataka ubora wa kimataifa na kwamba dharura haingoji. Hoja ya haraka ni ya kweli: wakati wa mlipuko, wiki moja ni ndefu. Lakini jaribio la mchoro si la wiki. Ni karatasi moja, watu kumi sokoni, asubuhi moja, na swali moja: unaona nini hapa? Gharama yake ni ndogo kuliko ya kukusanya na kuchoma maelfu ya nakala zilizoeleweka vibaya.

Wala kuzaliwa Beni pekee hakumfanyi mtu kuwa msanifu bora. Kijana wa hapa naye anaweza kunakili picha ya mtandaoni bila kufikiri. Kwa hiyo kipimo kiwe kimoja kwa wote: mchoro wa mshauri kutoka Nairobi, Geneva au mtaa wa pili upelekwe kwa msomaji, na msomaji ndiye aamue.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Mashirika yanayofanya kazi katika eneo hili yanaweza kuanza na mambo manne bila kungoja mpango mpya. Kwanza, kila chapisho litaje msomaji wake wa kwanza ni nani. Kama ni wakazi, ripoti ya mfadhili iwe nakala ya pili. Pili, fungu la kuwajaribia wasomaji lionekane kwenye bajeti kama linavyoonekana fungu la mafuta ya gari. Tatu, maneno yapitiwe na wanaosema Kiswahili cha hapa na Kinande, pamoja na redio, maana mwenye kusikiliza ni wengi kuliko mwenye kusoma. Nne, kila karatasi isomeke ikirudufiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na itoshe kwenye kioo cha simu ndogo, kwani hivyo ndivyo itakavyosafiri.

Serikali ya mkoa nayo ina sehemu yake. Inatoa vibali kwa mashirika haya. Inaweza kudai kwamba kila utafiti uliofanyika Beni au Butembo uache nyuma muhtasari wa ukurasa mmoja, wenye lugha na michoro ya hapa, kabla ya timu kufunga mizigo.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, na tena Agosti 2022. Kila mara ilizimwa ikiwa bado ndogo, kwa sababu watu walikuwa wamejifunza, wengine kwa kupoteza ndugu. Itakaporudi, mzazi yule mwenye mtoto mwenye homa atatazama tena karatasi iliyobandikwa ukutani. Anastahili kukuta hapo picha ya mtoto mwenye homa.