Pikapu au Jeep: Nafasi ya Mtu ni Ipi?

Ndugu mfanyakazi, ukiona pikapu ya kabini mbili na jeep iliyofungwa zimesimama pamoja, jicho litakuambia kwamba pikapu ndiyo kubwa. Ni kweli. Hilux ya kabini mbili ya aina iliyotoka mwaka 2015 hupita mita 5 na sentimita 30 kwa urefu, na Land Cruiser Prado ya aina ya 150 haifiki mita 5. Lakini katika urefu ule, sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu ni ipi?

Katika pikapu nafasi ya mtu inakwisha penye kiti cha nyuma. Watu watano, mikanda mitano, basi. Sanduku linalofuata, kama mita 1 na nusu, ni la mizigo. Jeep ni fupi, lakini paa lake linafika mpaka mlango wa nyuma, na nyingi zina viti vya safu ya tatu: watu saba, kila mmoja na mkanda wake. Basi gari fupi linakalisha watu wengi kuliko gari refu. Sisi tunafanya kinyume: watano ndani, kumi nyuma, na mama mmoja juu ya magunia akimshika mtoto, njia nzima kutoka Sake kupanda Masisi.

Fanya hesabu pamoja nami. Pikapu ya namna hii hubeba yapata tani 1, na katika tani hiyo watu wamo. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zinabaki kilo 650, yaani magunia 13 ya kilo 50. Ukiongeza watu kumi nyuma, wote ni 15, kilo 1,050: gari limekwisha kuzidi, na hata gunia moja halijawekwa.

Na mawe yetu hudanganya macho. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ijaze kasiteriti, itapita kilo 60. Coltan nayo ni nzito vilevile. Ndiyo maana sanduku la pikapu linaonekana nusu tupu wakati springi zimekwisha kulala, na dereva anasikia watu wakisema “nafasi bado iko”. Wale waliobeba mawe ya Bisie mgongoni miaka ya 2000, siku mbili msituni mpaka Njingala, hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Usiseme sasa kwamba magunia yaingie katika jeep. Prado haibebi tani 1, na ndani yake hakuna ukuta kati ya gunia na shingo yako. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga mti, gunia halisimami. Linakuja mbele kwa nguvu ya kitu kilichoanguka kutoka mita 10 hivi. Kuweka mizigo juu ya paa ni vibaya pia, maana gari lenye uzito juu hupinduka upesi penye mteremko wa matope.

Kuna jambo la mgonjwa, na hapa familia zisikilize. Mtu mzima hawezi kulala sawasawa katika sanduku la mita 1 na nusu. Atakunja magoti, au mlango wa nyuma utafunguliwa na miguu itaning'inia. Kama amevunjika mguu au uti wa mgongo, safari yenyewe itamwumiza tena. Land Cruiser ndefu iliyofungwa, ile ya aina ya 78, inamlaza chini ya paa, na mtu wa kumwangalia anakaa kando. Mabenchi yake ya kutazamana lakini si mahali pa kupanga wafanyakazi kumi na kwenda mbio.

Kwa maoni yangu, kabini mbili imetuharibu. Inanunuliwa kwa sababu inaonekana kufanya kazi zote, kisha inabeba watu na mawe pamoja. Afadhali kabini moja kwa mizigo, yenye sanduku linalopita mita 2, na gari lililofungwa kwa watu. Gharama itapanda, sikatai.

Mwezi wa tatu mwaka 2025 kazi ilisimama Bisie kwa sababu vita vilikaribia, ikaanza tena mwezi wa nne. Siku za namna hiyo hakuna anayehesabu viti. Vihesabiwe sasa, na idadi iandikwe kwa rangi mlangoni mwa kila gari, mbele ya macho ya dereva na ya abiria.

Tena wakubwa wa kazi wasome hapa: asubuhi ya mvua, jeep yenye viti saba inapita na mtu mmoja mbele na dereva wake, na nyuma yake inafuata pikapu yenye watu 15. Viti vitano vile vilivyo tupu ni vya nani?