Mlio si Safari

Mwenye kusifu chombo chake bila ya kutaja ila zake, ima hakijui, ima anakijua na ameamua kuwahadaa wenziwe. Hukumu hiyo ni nzito, walakini inawastahiki wamiliki wengi wa pikipiki kubwa za safari ndefu nchini Marekani. Kwa muda wa takriban nusu karne watu hao wamegawika kambi mbili kuu, kambi ya Harley-Davidson na kambi ya Honda Gold Wing, ilhali wafuasi wa BMW na wa Indian wamesimama pembeni wakirusha neno pale wanapopata mwanya. Malumbano yao yangeweza kuwa elimu kwa kila anayetaka kununua chombo cha namna hiyo. Badala yake yamekuwa kama kujibizana kwa malenga wawili wasiosikilizana: kila mmoja anakijua kina chake, anakirudia mpaka kunakucha, na beti za mwenziwe hazimfikii sikioni.

Inafaa kwanza kueleza ni vyombo gani vinavyozozaniwa. Pikipiki iliyozoeleka katika mwambao wa Afrika Mashariki ni ile ya bodaboda, yenye injini ya sentimita za ujazo 125 au 150. Gold Wing iliyotoka mwaka 2018 ina sentimita za ujazo 1,833, yaani injini moja sawa na bodaboda kumi na mbili. Harley za safari zilizotoka mwaka 2017 zilianzia 1,746. Ile iitwayo Ultra Limited, iliyokuwa miongoni mwa Harley zilizokamilika zaidi kwa masafa, ilizidi kilo 400 kabla ya mtu kuikalia. Vyombo hivi vina kioo kirefu cha kukinga upepo, redio, masanduku matatu ya mizigo na kiti cha nyuma chenye egemeo. Kikiwa kipya, kimoja huzidi dola 20,000. Mtu hanunui chombo cha aina hii ili aendee sokoni. Hukinunua ili avuke bara, naye aghalabu amekwisha kuupita ujana na amedunduliza fedha zake kwa miaka. Mtu kama huyo anastahiki kuambiwa kweli.

Hoja ya kwanza anayoambiwa ni ya nasaba. Kambi ya Harley hudai kwamba chombo chao ni cha Kimarekani halisi, kilichozaliwa Milwaukee mwaka 1903, na kwamba aliyepanda Gold Wing amepanda kitu cha kuja. Nasaba hiyo haihimili kuchunguzwa. Indian ilianzishwa mwaka 1901. Kama ukongwe ndio hoja, wenye Harley wangepaswa kuwapisha wengine mbele. Tamasha la Sturgis, huko Dakota Kusini, ambalo mashabiki wa Harley hulihesabu kuwa karamu yao kuu, lilianza mwaka 1938 chini ya uongozi wa wakala wa pikipiki za Indian. Ama Gold Wing, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ilianza kuundwa Marysville, katika jimbo la Ohio, mwaka 1980. Kwa karibu miaka thelathini ilitoka katika mikono ya wafanyakazi wa Kimarekani kabla ya Honda kuihamishia Kumamoto, Japani. Katika miaka hiyo hiyo Harley nyingi zilikuwa zikipumua kwa kabureta za Keihin na kulikanyaga barabara kwa shokapu za mbele za Showa, nayo yote mawili ni majina ya Kijapani. Mwaka 2018 Harley ikafungua kiwanda Thailand ili kuunda pikipiki za masoko ya nje. Iko wapi basi hiyo damu isiyochanganyika?

Wapenzi wa Kiswahili wanaijua ladha ya ubishi huu. Wapo waliotaka kulipima neno kwa nasaba yake, wakasahau kwamba meza ilitoka kwa Mreno, dirisha kwa Mwajemi na kitabu kwa Mwarabu, na yote matatu yamekaa nyumbani bila ya mtu kuyaombea kibali. Neno hupimwa kwa jinsi linavyobeba maana. Pikipiki nayo ipimwe kwa jinsi inavyombeba mtu.

Ajabu ni kuwa kampuni yenyewe iliwahi kuwa na unyenyekevu ambao mashabiki wake hawana. Mwaka 1969 Harley-Davidson iliingia mikononi mwa kampuni ya AMF, na katika miaka iliyofuata sifa ya kazi yake ikaporomoka. Mwaka 1981 wakuu wake 13 wakainunua. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan akaweka ushuru wa nyongeza, ulioanzia asilimia 45, juu ya pikipiki kubwa zilizotoka nje, khasa za Kijapani, zenye injini iliyozidi sentimita za ujazo 700. Ushuru huo ulipangwa kupungua mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Wasimulizi wengi huishia hapo: upande mmoja hujigamba kuwa Wajapani walikomeshwa, wa pili hukejeli kuwa Harley ilibebwa mgongoni na serikali. Wote wawili huliruka lililo muhimu. Harley ilikubali kujifunza kutokana na viwanda vya Kijapani namna ya kupanga vipuri na kuupima ubora wa kazi. Ikatoa injini mpya, Evolution, iliyoingia katika pikipiki za mwaka 1984, na mwaka 1987 ikaiomba serikali iuondoe ushuru kabla ya muda wake kwisha. Kampuni iliyokaribia kuzama ilikubali kumsoma mpinzani wake. Shabiki wake, aliyekaa salama juu ya kiti cha ngozi, hataki hata kuuliza mpinzani amefanya nini.

Hoja ya pili ni ya mlio. Silinda mbili za Harley zimepangwa kwa pembe ya nyuzi 45, nazo huizungusha kranki kupitia pini moja. Kwa hiyo mipigo yake haipishani sawasawa: kati ya mpigo na mpigo hupita nyuzi 315 za mzunguko, kisha 405. Hapo ndipo unapopatikana ule mdundo wa kuchechemea, unaotambulikana hata na asiyeiona pikipiki yenyewe. Mwaka 1994 kampuni iliomba mlio huo usajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Washindani wake, Honda ikiwa miongoni mwao, wakapinga, na mwaka 2000 ombi likaondolewa. Mlio huo una uzuri wake, wala si haki kumcheka anayeupenda. Kosa ni kuufanya hoja. Shairi lenye vina vilivyopangika na mizani timamu laweza bado kuwa halina neno, na mshairi anayejitetea kwa vina pekee huwa amekwisha kukiri kwamba hana la kusema. Mtu aliyeulizwa kama mgongo wa mwenziwe utafika salama baada ya maili 500, naye akajibu kwa kuwasha injini, hajajibu.

Wenye Gold Wing wasishangilie mapema. Kiburi chao ni cha aina nyingine, kiburi cha mwenye elimu. Wao huhesabu silinda sita zilizolala, tatu kila upande, maji ya kupoza na shafti badala ya mkanda, kisha humwita mwenye Harley mpanda trekta. Waulizwe basi kuhusu chujio la hewa la pikipiki zao zilizotoka baina ya 2001 na 2017, ambalo halifikiwi mpaka kwanza yafunguliwe maganda kadhaa ya plastiki ya sehemu ya mbele, kazi ya kumchosha fundi asiyeizoea. Waulizwe pia kuhusu mwaka 2018, Honda ilipoipunguza pikipiki hiyo uzito, na papo hapo ikapunguza nafasi ya mizigo kutoka takriban lita 150 hadi 110, na tangi la petroli kutoka lita 25 hadi 21. Chombo cha kuvukia bara kikapunguziwa akiba yake ya safari. Walionung'unika walionekana watovu wa shukrani. Mwaka 2021 Honda yenyewe ikalikuza sanduku la nyuma kutoka lita 50 hadi 61. Kiwanda kiliyasikia manung'uniko ambayo mashabiki walitaka yazimwe.

Ulinganisho wa mmiliki wa kweli una maswali yake, na si mengi. La kwanza ni joto. Kwa miaka mingi Harley ilitegemea hewa na oili kupoza injini, na silinda yake ya nyuma iko karibu na paja la mpandaji. Katika foleni ya magari ya mwezi wa Julai jambo hilo halihitaji mfasiri, na kiwanda chenyewe kiliweka utaratibu wa kuizima silinda ya nyuma pikipiki inaposimama ikiunguruma. Gold Wing hupozwa kwa maji, na katika foleni hiyo hiyo haimuunguzi mtu kwa kiasi hicho.

La pili ni matunzo, na hapa Harley ina haki yake. Vali zake hujirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, ilhali za Gold Wing zina muda wake wa kukaguliwa. Kwa upande wa pili, Harley hudai oili mahali patatu, kwenye injini, kwenye gia na upande wa klachi, hali ya kuwa injini na gia za Gold Wing hutumia oili moja, shafti ikawa na yake kidogo. Aliyenunua Harley ya safari iliyotoka baina ya 1999 na 2006 anapaswa pia kujua kwamba ndani ya injini yake mna vipande vinavyokaza minyororo ya kemu, na kwamba vipande hivyo husagika. Muuzaji asiyemwambia hayo amemdhulumu.

La tatu ni msaada njiani. Mawakala wa Harley wametapakaa hata katika miji midogo. BMW K 1600 GTL, yenye silinda sita na nguvu za farasi 160, hufurahisha mno katika milima yenye kona nyingi, lakini wakala wake katika nyanda za kati ni wa kutafutwa, na mwenye kukwama huko hupata wasaa mrefu wa kuitafakari furaha hiyo.

La nne ni uzito. Tangi la petroli la Gold Wing limewekwa chini ya kiti, uzito ukashuka chini nao. Tangu mwaka 1988, ilipopata silinda sita, ina rivasi. Hapo ndipo uongo wa mashabiki unapomgharimu mtu mwili wake. Husema kwa kejeli kwamba rivasi ni ya wazee. Mnunuzi wa miaka 60 akaona haya, akachukua chombo cha kilo 400 asichoweza kukirudisha nyuma kwa miguu yake katika kiwanja cha kokoto chenye mteremko. Kikimlalia mguu, waliomcheka hawatakuwapo kukiinua.

Na yupo shahidi mmoja ambaye kambi zote mbili hazimwiti barazani: anayekaa nyuma. Mara nyingi ni mke. Yeye haushiki usukani, hachagui mwendo, wala mlio haumpi cheo mbele ya watu. Analojua ni kama egemeo linamshika kiuno, kama mtikisiko wa injini unapanda mpaka katika meno, kama upepo unampiga kichwani saa sita mfululizo. Katika safari ya maili elfu huyo ndiye mhakiki aliye huru kuliko wote, kwa kuwa hana jina la kulitetea.

Mtu akiyajibu maswali hayo kwa uadilifu, hukumu haiwi ngumu. Anayetaka kuifuata ile barabara kongwe ya 66, iliyofutwa rasmi mwaka 1985 na ingali ikifuatwa na wasafiri, kutoka Chicago hadi Santa Monica, maili zaidi ya 2,000, akakatiza jangwa la Mojave wakati wa kiangazi na mwenziwe nyuma, Gold Wing ndiyo itakayomhifadhi zaidi. Anayetaka chombo atakachokifungua kwa mikono yake, akakibadili sura apendavyo na kuujua kila uvungu wake, Harley itamfaa zaidi, na hana sababu ya kuona haya. Lakini asiseme kwamba haya mawili ni jambo moja, wala asimuuzie mwenziwe mapenzi yake kwa bei ya ushahidi.

Basi anayedai kukijua chombo chake na achukue karatasi aigawe safu mbili, moja ya sifa na moja ya ila, aanze na safu ya ila. Ikibaki tupu, wanaomsikiliza wajue kwamba wamesikia wimbo wa sifa, na wimbo wa sifa haununuliwi kwa dola 20,000. Na kabla ya kuiweka kalamu chini, amuulize yule aliyekaa nyuma kama amesahau jambo.